Tuigaweje Diski ya Seva?

Seva ya idara inayohifadhi rekodi za masimulizi na tasnifu za wanafunzi ilitukwama wiki ya mitihani. Diski haikuharibika; sehemu ya mfumo ndiyo iliyojaa, kwa kuwa tuliacha nakala rudufu zirundikane humo. Tulipoisakinisha upya Proxmox VE, programu inayoendesha mashine pepe kadhaa katika seva moja, tuliigawa diski kwa makini.

Katika mpangilio wa LVM, tazama vipimo vinne. Maxroot ni ukomo wa sehemu ya mfumo, nao hauzidi robo ya diski; sisi tuliweka GB 60. Swapsize, nafasi ya kuisaidia kumbukumbu, kwa kawaida huwa kati ya GB 4 na 8. Minfree ni akiba isiyogawiwa: GB 16 kwa diski inayozidi GB 128. Maxvz ni ukomo wa sehemu ya data, yanamokaa mashine pepe zenyewe.

Sehemu ya data ikishaundwa haipunguziki, hivyo mfumo ukibanwa utaongezwa kutoka katika akiba ile. Msiidharau. Nazo nakala rudufu tumezihamishia diski nyingine, kwani diski moja ikifa, sehemu zake zote hufa pamoja.