Je, Wajua? Mzinga wa Meli Ulinguruma Karibu na Ugweno

Manowari ya Kijerumani Königsberg iliangamia Rufiji, Julai 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, lakini mizinga yake 10 iliopolewa na kutiwa magurudumu. Mmoja ulifika Kahe, kwenye tambarare iliyo kaskazini-magharibi mwa milima ya Ugweno, ukawapiga Waingereza Machi 1916 kabla Wajerumani hawajauharibu wenyewe na kurudi nyuma. Waliokokota mizinga hiyo porini ni wapagazi Waafrika. Onyesho lolote la haki kuhusu historia hii lingeanza na wao.

Mzinga mwenzake upo Fort Jesus, Mombasa. Huko Taita Hills, pia ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya, hoteli moja huonyesha masalia ya vita hivyo. Upande wetu wa Ugweno nao unastahili onyesho kama hilo.

Na ukiona kombora kuukuu la vita shambani, usiliguse wala kuliuza kama chuma chakavu: waarifu polisi.