Mpaka Mmoja, Majiko Mawili

Mkazi wa Seoul akitaka kula vizuri siku ya mapumziko hupanda treni kwenda Jeonju, mji ambao mwaka 2012 UNESCO iliuingiza katika mtandao wake wa miji ya mapishi. Chakula kilichoupa sifa ni bibimbap: wali uliopangiwa mboga na yai juu yake, ukatiwa pilipili iliyochachushwa. Ni chakula cha nyumbani tu. Huku kwetu, mpakani mwa Kenya na Uganda, ukitaja Busia au Tororo, mtu hukumbuka foleni ya malori, forodha na wabadilisha fedha. Nadai kwamba ukanda huu unastahili siku nzima ya mtu anayependa kula na kujifunza, na kwamba kinachoupa thamani hiyo ni mpaka wenyewe.

Mwaka 1902 Waingereza waliumega Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakautia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Wateso wakajikuta huku na kule, Wasamia vilevile. Ukoo ukabaki mmoja, majiko yakajifunza tabia mbili. Dagaa wa Ziwa Viktoria ni omena upande wa Kenya. Akishavuka ni mukene, na mara nyingi huungwa karanga za kusaga. Chapati ambayo Mkenya huila kwa maharagwe, Mganda huiviringishia mayai na nyanya, ikawa roleksi. Hata neno bodaboda lilianzia mpaka huu, kwa vijana wa baiskeli waliovusha watu na mizigo. Mtu atasema haya ni mambo madogo. Ndiyo, ila bibimbap nayo ilikuwa jambo dogo. Kinachofundisha ni kuiona tofauti mchana mmoja, kwa mwendo wa miguu, kati ya watu wanaoitana shemeji.

Kilicho kikubwa zaidi kimo chunguni. Ajono, pombe ya wimbi ya Wateso, haina haraka. Unga wa wimbi hutiwa maji kidogo, ukafunikwa siku kadhaa mpaka uchachuke, kisha ukakaangwa juu ya moto hadi ugeuke hudhurungi na kunukia. Ndipo huchanganywa na maji na kimea, yaani wimbi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa. Ikiiva humiminwa katika chungu kikubwa, ikaongezwa maji ya moto, na watu hukaa duara wakiivuta kwa mirija mirefu yenye kichujio nchani. Kila ladha ikipungua, maji ya moto huongezwa. Mazungumzo nayo yanaendelea. Asiyekunywa pombe hakosi kitu: atap, ugali wa wimbi, kwa majani ya kunde yaliyoungwa karanga, utamwonyesha nafaka ile ile bila kilevi.

Wapo wanaouliza: mtu ataona nini huko? Mwamba wa Tororo unaonekana kabla hujaingia mjini, kilele chake kikiwa mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, na hupandwa kwa miguu. Usumbufu wa mpakani nao umepungua kuliko sifa yake: tangu 2014 Wakenya na Waganda huvuka kwa kitambulisho cha taifa, na kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa rasmi na marais wa nchi mbili mwaka 2018.

Pingamizi lenye uzito ni jingine: mgeni akizidi, chakula huharibika. Mtaa wa nyumba za jadi wa Jeonju leo umejaa vibanda vya vitafunio ambavyo bibi wa mji huo asingevitambua. Siwezi kulikanusha hilo. Ila kutotembelewa nako kuna hasara yake. Mwaka 2021 UNESCO iliitambua kazi ya Kenya ya kuokoa vyakula vyake vya asili kuwa mfano wa kuigwa; kazi hiyo ilihitajika kwa sababu vijana walikuwa wameanza kuona mboga kama saga na mnavu ni chakula cha maskini. Mboga hizo huota pia ng'ambo, mita chache kutoka kwenye bango la Kenya. Mama anayeuza mafungu yake sokoni Busia huuliza kwanza utalipa kwa shilingi ya nchi gani, kisha anaanza kuhesabu.