Mtoto Anapoingia Chuoni: Takwimu za Ulevi Zatufundisha Nini?

Kila mwaka familia za Kyela, Ipinda na Matema huuza mpunga na kakao ili kijana aende chuoni, Mbeya au mbali zaidi. Tunahesabu ada, godoro na nauli. Je, pombe na bangi tumezifikiria?

Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa vijana 1,954 wa miaka 15 hadi 24 katika mikoa ya Kilimanjaro na Mwanza. Walilinganishwa wanafunzi wa sekondari, wanavyuo na vijana wanaofanya kazi. Wanavyuo ndio walioongoza kwa unywaji: wavulana 45 katika kila 100, na wasichana 26. Vibarua wakawafuatia.

Tuzisome hesabu hizi kwa makini. Kwanza, zaidi ya nusu ya wanavyuo hao hawakuwa wanywaji. Kijana akisema, "Chuoni kila mtu anakunywa," mwonyeshe hesabu hiyo.

Pili, uchunguzi wa namna hii ni kama picha iliyopigwa mara moja. Unaonyesha wanywaji wako wapi, lakini hauonyeshi walianza lini. Ili kulijua hilo, wataalamu wa takwimu huwafuata vijana walewale mwaka hadi mwaka. Huwagawa katika makundi: wasiokunywa, wanaokunywa mara chache na wanaolewa. Kisha hukokotoa wangapi wamehama kundi. Wapo wanaozama, na wapo wanaorudi.

Tatu, mambo hubadilika. Tarehe 1 Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku pombe kali ya viroba, iliyouzwa kwa bei ndogo na kufichwa mfukoni. Hesabu za kabla ya hapo si picha ya leo.

Basi mzazi afanye nini?

1. Zungumza naye kabla hajaondoka. Nyumbani nako tujitazame: mtoto anayetumwa kununua kimpumu anajifunza nini?

2. Miezi ya kwanza mpigie simu mara kwa mara. Uliza kuhusu marafiki, usingizi na matumizi ya fedha.

3. Fedha zikiisha upesi au masomo yakidorora, usimfukuze. Msikilize, kisha mfikishe zahanati au hospitali mapema.

4. Aliyezoea kunywa sana kila siku asiache ghafla bila ushauri wa daktari. Anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kupata degedege.

Mtoto aliyeanza kunywa bado anaweza kurudi. Asikute mlango wa nyumbani umefungwa.