Redio Mpya Ndani ya Gari Lenye Bodi Chanya

Fungua boneti ya Land Rover Series II au Morris Minor ambayo mafundi hawajaichokonoa, ufuate waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi. Utaukuta umefungwa upande wa chanya. Magari mengi ya Uingereza yalikuwa hivyo hadi miaka ya 1960. Gari la MGB, kwa mfano, lilihamia hasi mwishoni mwa 1967.

Taa, honi na starta hazibagui. Taabu huanza na vifaa vyenye transista na diodi, ambavyo umeme ukigeuzwa huungua.

Redio ya kisasa ina mtego zaidi: kasha lake la bati limeungwa na hasi. Hata ukigeuza nyaya zake vizuri, ukiifunga kwa skrubu kwenye dashibodi ya chuma, hasi imekutana na chanya na shoti imepiga. Izungushie plastiki, bado kuna antena. Wavu wa nje wa waya wake hugusa kasha huku, na madigadi kule. Baya zaidi, fyuzi ya redio iko kwenye waya wake wa chanya, na shoti hii haipiti huko. Inapita waya mweusi, wa hasi, hadi uungue. Kwa hiyo kwenye gari hili fyuzi ifungwe kwenye waya wa hasi.

Kama shida yako ni kuchaji simu tu, liache gari lilivyo. Tafuta konvata ambayo umeme unaoingia na unaotoka hautumii waya mmoja. Ipime kabla ya kuifunga: weka mita, ikiwa kwenye ohm, kati ya hasi ya kuingilia na hasi ya kutokea. Ikisoma sifuri, irudishe dukani.

Anayetaka redio na altaneta pia, mimi humshauri ageuze gari zima. Betri igeuzwe, na nyaya za amita na za koili zibadilishane nafasi, ili cheche iendelee kuruka kutoka kwenye ncha ya kati ya plagi, iliyo ya moto zaidi. Anayebaki na dinamo achomoe nyaya zake za D na F, kisha aguse F kidogo kwa waya kutoka chanya ya betri. Cheche ndogo zitaruka, na chuma cha ndani kitashika usumaku mpya. Saa ya mizunguko ya injini, kama ni ya umeme, ipelekwe kwa fundi wake.

Halafu bandika karatasi kando ya betri: HASI KWENYE BODI. Atakayekuja kuliboost gari hilo usiku ataisoma kabla hajashika nyaya.