Tamaa, Mali na Mapenzi: Kuisoma Utengano Sambamba na The Great Gatsby

Muulize mwanafunzi wa Kidato cha Tatu ni kwa nini Maksuudi anaanguka katika Utengano, naye atakujibu kwa neno moja: tamaa. Msimulie The Great Gatsby, riwaya ya Mmarekani F. Scott Fitzgerald iliyochapishwa mwaka 1925, kisha umuulize ni kwa nini Gatsby anauawa. Jibu litakuwa lilo hilo: tamaa. Lakini, mwalimu mwenzangu, jibu linalowafaa wahusika wawili wasiofanana halijaeleza chochote kuhusu yeyote kati yao. Makala hii inapendekeza jinsi ya kumvusha mwanafunzi kutoka kwenye neno hilo moja hadi kwenye uhakiki wenyewe.

Tuanze na neno lenyewe. Mtu akiitwa mwenye tamaa, amelaumiwa. Mtu akisemwa amekata tamaa, anaonewa huruma, na wenziwe humsihi asiikate. Kwa hivyo Kiswahili kinatambua kwamba tamaa ni uchu na pia ni matumaini. Mwanafunzi anayeandika "tamaa" bila kueleza ni ipi amelifunga swali kabla ya kulifungua.

Muhtasari wa riwaya ya Fitzgerald

Kwa kuwa wanafunzi wengi hawajaisoma, mwalimu anaweza kuisimulia hivi. James Gatz ni mtoto wa wakulima maskini wa North Dakota anayejibandika jina la Jay Gatsby. Akiwa afisa kijana wa jeshi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, anampenda Daisy, binti wa familia tajiri ya Louisville. Vita vinamchukua. Daisy anaolewa na Tom Buchanan, tajiri wa kurithi, ambaye kabla ya harusi anampa mkufu wa lulu wenye thamani ya dola 350,000. Gatsby anatafuta mali kwa njia za magendo, hasa biashara ya pombe, ambayo ilipigwa marufuku Marekani kati ya 1920 na 1933. Ananunua jumba linaloelekeana na la Daisy, ghuba ikiwa katikati, na kufanya karamu kubwa kubwa akitumaini kwamba siku moja Daisy ataingia. Wanakutana tena. Kisha Daisy, akiendesha gari la Gatsby, anamgonga na kumuua Myrtle, hawara wa Tom. Gatsby anajibebesha lawama. Mume wa Myrtle anampiga risasi, kisha anajiua. Mazishini hawaji ila watu wachache. Tom na Daisy wamekwisha kufunga mizigo na kuondoka.

Baada ya kuisimulia, mwalimu aielekeze kila riwaya kwa maswali matatu.

Mali ilitoka wapi?

Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba, alichapisha Utengano mwaka 1980, na baadaye kikawa kitabu teule cha KCSE hapa Kenya. Katika riwaya hiyo Maksuudi ni tajiri na mwanasiasa anayeheshimika hadharani. Lakini mwandishi hatuachi tuutazame utajiri huo bila historia yake. Tunagundua kwamba Maksuudi alimdhulumu mali mkewe wa awali, Mwanasururu, binti wa Bi Farashuu. Ndoa ilikuwa mlango wa kuingilia kwenye hazina. Mapenzi yalitumiwa kupata mali.

Kwa Gatsby mambo ni kinyume: mali inatumiwa kupata mapenzi. Jumba, magari na mashati ya kigeni vyote vina shabaha moja, Daisy. Njia yake ni haramu kama ya Maksuudi, lakini makusudio yake ni mengine. Hapa mwanafunzi aanze kuona kwamba tamaa ya Maksuudi ni uchu, ilhali ya Gatsby ni uchu na matumaini yaliyofumwa pamoja hata haiwezekani kuyatenga. Ndiyo maana msomaji humchukia Maksuudi na kumhurumia Gatsby, ingawa wote wawili wamevunja sheria na maadili.

Mapenzi yanapimwa kwa kipimo gani?

Nyumbani kwa Maksuudi mke na binti ni sehemu ya milki. Tamima na Maimuna wanafungiwa ndani, huku bwana mwenyewe akizurura nje usiku. Kinaya kinafikia kilele pale yeye na mwanawe Mussa wanapokutanishwa nyumbani kwa mwanamke mmoja, Kazija, kwa hila iliyopangwa kumfedhehesha. Anayelinda heshima ya nyumba kwa makufuli ndiye anayeivunja.

Daisy hafungiwi kwa kufuli, lakini naye amethaminiwa kwa lulu. Gatsby mwenyewe anatambua kwamba katika sauti ya Daisy mna mlio wa fedha. Tatizo ni kwamba hampendi Daisy aliye mbele yake, bali yule aliyemwacha miaka mitano nyuma. Usiku hutazama taa ya kijani inayowaka gatini, upande wa Daisy. Mwanafunzi wa Kilifi hahitaji maelezo marefu kuhusu ishara hii. Akisimama Mnarani usiku na kutazama taa za upande wa pili wa hori, ataelewa: taa huonekana karibu, na maji yaliyo katikati hayaonekani kwa sababu ya giza.

Nani analipa mwishoni?

Hapa ndipo riwaya hizi mbili zinapotengana. Katika The Great Gatsby wanaokufa ni watatu: Myrtle na mumewe, ambao ni watu wa tabaka la chini, na Gatsby, aliyetoka tabaka hilo. Tom na Daisy, waliozaliwa katika utajiri, hawalipi hata senti. Fitzgerald anaiacha dhuluma ikiondoka salama.

Said Ahmed Mohamed anakataa kumaliza hivyo. Ni kweli wanaotangulia kulipa ni wanyonge: Mwanasururu, Tamima aliyepewa talaka, na Maimuna anayeishia katika ukahaba kwa Mama Jeni. Lakini Maksuudi pia anafikiwa. Anapoteza cheo, mali na watu. Tena Maimuna hafi katika aibu yake. Anarudi na kuanza maisha mapya na Kabi. Mwanafunzi ajadili: je, mwisho huu ni wa kimaadili tu, au mwandishi anadai kwamba jamii iliyomtupa binti ina wajibu wa kumpokea?

Kuvunjikiwa na njozi si kuzinduka

Wanafunzi wengi huchanganya mambo haya mawili. Gatsby anavunjikiwa na njozi, lakini kwa kadiri tunavyoonyeshwa, hazinduki. Anakufa angali akisubiri simu ya Daisy. Anayezinduka ni msimulizi, Nick Carraway, ambaye anaondoka mjini na kurudi kwao. Katika Utengano anayezinduka ni Maimuna. Uhuru alioukimbilia ulimwuza, naye anajifunza kutofautisha uhuru na kuachwa peke yako. Kwa hivyo tanzia ya Gatsby haitokani na kukosa kwake alichokitaka pekee. Hakupata nafasi ya kujua kwamba alichokitaka hakikuwapo.

Kwa nini jambo hili ni zito kwetu

Tunafundisha Malindi, Watamu na Kilifi, mahali ambapo jumba la kifahari lenye bwawa la kuogelea na nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti vinaweza kutenganishwa na ukuta mmoja. Mwaka 2006 UNICEF na serikali ya Kenya zilitoa ripoti kuhusu unyonyaji wa watoto kingono katika Malindi, Kilifi, Mombasa na Diani. Ilikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 walikuwa wameingizwa katika biashara hiyo, na wateja hawakuwa wageni peke yao. Wakenya pia walikuwamo. Miongoni mwa wanafunzi wetu wamo wanaomjua Maimuna kwa jina jingine.

Mbele ya darasa kama hilo, kufundisha kwamba "tamaa ni mbaya" na kuishia hapo ni kumlaumu anayetazama taa na kumsahau mwenye jumba. Kijana anayetaka nyumba ya mawe, karo ya wadogo zake na mtu wa kumpenda hana kosa kwa kutaka. Riwaya hizi mbili zinamfundisha kuuliza maswali kabla ya kuvuka: mali hii imetoka wapi, mimi ninapimwa kwa kipimo gani ndani yake, na mambo yakiharibika ni nani atakayelipa? Atakayeyauliza hatakuwa amekata tamaa. Atakuwa ameifungua macho.

Zoezi la darasani

Wagawe wanafunzi katika makundi matatu, kila kundi lishughulikie swali moja kati ya hayo kwa kurejelea matukio mahususi ya Utengano. Wasiruhusiwe kutumia neno "tamaa" bila kuongeza ni tamaa ya nini na ya nani. Kisha kila mmoja aandike insha juu ya swali hili: "Si kila aliyevunjikiwa na njozi amezinduka. Jadili kauli hii kwa kumrejelea Maimuna na mhusika mwingine mmoja." Katika kusahihisha, mpe alama anayetofautisha hali hizo mbili kwa ushahidi, hata kama maoni yake hayaafikiani na yako.