Mabega ya jirani kwenye vilima vya Ilemela

Panda Kitangiri au Kirumba, jijini Mwanza, kwa miguu, utafika mahali ambapo njia ya gari inaishia na mawe yanaanza. Nyumba zimeng'ang'ania majabali, na kati yake kuna vijia vya kupita mtu mmoja mmoja. Saruji iliyozijenga ilipandishwa kichwani. Mama mjamzito akishikwa na uchungu usiku wa manane, bajaji haimfikii mlangoni. Majirani humteremsha, wawili wamemshika huku na huku, wa tatu ametangulia na tochi ya simu, hadi chini kwenye lami.

Huduma ninayotaka kuizungumzia ni hiyo, isiyopigwa picha, itolewayo na mtu ambaye alfajiri hiyo hiyo anatakiwa awe mwaloni kununua dagaa.

Usukuma unalijua jambo hili tangu zamani, wala halikuwa suala la hisani tu. Kijiji kilikuwa na chama cha vijana, basumba, chini ya kiongozi wao, nsumba ntale. Mwenye shamba lililomzidi nguvu alipeleka ombi kwake. Vijana walikuja na majembe, wakalima kwa mdundo wa ngoma ya bugobogobo, kisha wakaandaliwa chakula. Aliyekwepa alitozwa faini, na mkaidi aliweza kutengwa na wenzake. Wazee wale walielewa kwamba huruma ya mtu mmoja mmoja huchoka upesi, wakaiwekea kiongozi, siku na adhabu. Nawaheshimu sana kwa hilo.

Sisi wa mjini tumeegemea zaidi kwenye michango. Msiba ukitokea, jumbe zinazunguka kwenye simu na fedha zinaingia kabla jua halijazama. Si jambo dogo, maana jeneza, usafiri na chakula cha waombolezaji vina gharama. Lakini elfu tano iliyotumwa kwa simu haina mabega. Jeneza lazima literemke kilimani, na wanaolibeba ni wale wale kila mara, wakati sisi wengine tumeshajihesabia kwamba tumeshiriki.

Thamani ya mabega ya aliye karibu tuliiona tarehe 6 Novemba 2022: ndege ya Precision Air ilipoanguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43, wavuvi waliwahi na mitumbwi yao. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, alisimulia kwamba alitumia kasia kuufungua mlango. Watu 24 walipona. Taifa lilimpongeza, akapewa nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na alistahili. Kwangu mimi, uzito wa tukio lile uko kwenye kasia: alikwenda na kifaa cha kazi yake ya kila siku, kwa sababu yeye na wenzake ndio waliokuwa karibu.

Kilimani pia aliye karibu ni jirani. Mikutano ya mitaa huzungumzia ulinzi na taka. Ningeomba ajenda moja iongezwe: nyumba ipi ina mgonjwa au mjamzito, vijana gani hulala nyumbani, dereva gani yuko tayari kusubiri chini usiku, na machela iwekwe kwa nani. Machela yenyewe ni turubai na miti miwili, fundi yeyote wa Kirumba anaweza kuishona kwa siku moja. Mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wake wanaweza kuanza nayo mwezi huu, bila kusubiri bajeti ya manispaa.