Ziwa Tanganyika: Sentimita chache za kimo cha injini zinavyoamua usalama wa boti

Anayeagiza boti ya mbao kwenye mwalo wa Ziwa Tanganyika, iwe Burundi, Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo au Zambia, hujadiliana na fundi kuhusu urefu wa chombo, aina ya mbao na bei. Swali moja ni rahisi kusahaulika: je, injini itakaa kwa kimo gani? Jibu lake huamua kiasi cha mafuta yatakayochomwa, umri wa injini na, ziwa linapochafuka, uhai wa waliomo chomboni.

Bapa ndilo kipimo

Injini inayozungumziwa hapa ni ile inayopachikwa kwa nje, juu ya ubao wa shetri, yaani ubao unaofunga chombo kwa nyuma. Mguu wake huteremka majini ukiwa umebeba rafadha, ambayo wengine huiita panga. Juu kidogo ya rafadha pana bapa lililolala kama sahani. Kazi yake ni kuzuia hewa iliyo juu ya maji isivutwe na rafadha inapozunguka. Miongozo ya injini ndogo huelekeza kuwa bapa hilo liwe sawa na sehemu ya chini ya chombo pale kinapoishia nyuma, au liwe chini yake kwa kiasi kisichozidi milimita 25.

Bapa likiwa juu mno, rafadha hunyonya hewa. Injini hulia kwa kasi ilhali chombo hakisongi, na usukani hupoteza nguvu. Zaidi ya hayo, matundu ya kuingizia maji ya kupoza injini yako kwenye mguu huohuo. Yakivuta hewa badala ya maji, injini hupata joto kupita kiasi na huweza kuzimika katikati ya ziwa. Bapa likiwa chini mno, mguu huburutwa majini, mafuta huchomwa bila faida, maji hurukia ndani, na rafadha huwa karibu zaidi na mawe ya ufukweni.

Pima kabla ya kununua

Miguu ya injini hutengenezwa kwa vipimo maalumu. Mfupi hufaa ubao wa shetri wenye kimo cha sentimita 38 hivi, mrefu sentimita 51, na mrefu zaidi sentimita 64. Ili kujua kimo cha ubao, chombo huwekwa mahali tambarare, kisha ufito ulionyooka huwekwa chini yake ukitokeza nyuma. Umbali wa wima kutoka ukingo wa juu wa ubao, pale injini itakapokaa, hadi kwenye ufito ndio kimo kinachotafutwa.

Tuchukue mfano wa ubao wenye sentimita 45. Injini ya mguu mfupi italiacha bapa sentimita 7 juu ya sehemu ya chini ya chombo, nayo itanyonya hewa. Injini ya mguu mrefu italiteremsha sentimita 6 chini yake, kiasi kinachozidi kile kinachoelekezwa. Hapo fundi anaweza kuongeza kipande cha mbao ngumu chenye kimo cha sentimita 4 juu ya ubao na kukifunga kwa bolti zinazopenya. Bapa litabaki sentimita 2 tu chini ya chombo, ndani ya kipimo.

Hatari ya msumeno

Mwenye injini ya mguu mfupi huweza kushawishika kufanya kinyume chake: kuukata ubao wa shetri ili injini ishuke. Rafadha itazama vizuri, lakini chombo kitakuwa kimepoteza kinga yake ya nyuma. Kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusi huvuma kwa nguvu ziwani na kusukuma mawimbi kuelekea kaskazini. Boti inayotoka Kigoma kwenda Bujumbura hufuatwa na mawimbi hayo kwa nyuma. Chombo kilicholemewa na mzigo, chenye shetri iliyokatwa sentimita 8, huyapa mawimbi mlango wa kuingilia.

Majaribio yafanywe na mzigo

Kipimo cha nchi kavu ni mwanzo tu. Chombo kijaribiwe kikiwa na uzito wa siku ya kazi, kwa kuwa abiria au shehena wakisogea mbele, shetri huinuka na rafadha pamoja nayo. Nahodha aangalie mchirizi wa maji unaotoka kwenye injini: ukikatika, kuna uwezekano kwamba maji ya kupoza hayaingii, na injini izimwe mara moja. Injini ikilia ghafla chombo kinapokata kona, huenda imekaa juu mno, au mkuku mnene ulio mbele ya rafadha unavuruga maji. Marekebisho yafanywe kidogo kidogo, sentimita 1 au 2 kila mara, kisha jaribio lirudiwe.

Kwa boti ambazo injini yake hukaa ndani na mguu tu ndio hutokeza nyuma, aina ambayo kampuni ya Volvo Penta ya Uswidi iliiingiza sokoni mwaka 1959, hakuna nafasi ya kukosea. Kimo huamuliwa siku tundu linapokatwa kwenye ubao wa shetri, na kulihamisha ni sawa na kuijenga upya sehemu hiyo.

Kwa hiyo, mwenye boti na fundi wanapaswa kukubaliana kuhusu injini na urefu wa mguu wake kabla ubao wa shetri haujakatwa. Ufito mmoja na futi kamba vinatosha kuwaonyesha, wakiwa bado nchi kavu, kasoro ambayo ziwa lingewaonyesha usiku, mbali na ufuko.